Jicho la Kulia la Jemadari

Jumapili, 15 Septemba

Leo sijashona kitu. Hata mashine sijaifunua.

Mdogo wangu amezungumza redioni. Ilikuwa jana asubuhi, kwenye kipindi cha michezo. Walikuwa wanamsifu Jemadari, kocha wetu, na kuwaomba wachezaji wa zamani wapige simu watoe kumbukumbu. Mtangazaji akasema Jemadari aliwalea mabinti wa timu ya wasichana aliyoifundisha zamani kama baba yao mzazi. Mdogo wangu alikuwa kazini, amelala nyuma ya friji ya mteja, bisibisi mkononi. Akatoka, akajifuta mikono, akapiga.

Alisema jina lake. Akasema namba aliyokuwa akivaa golini. Kisha akasimulia. Stoo ya mipira, mlango unafungwa, fimbo. Walipigwa wakifungwa goli, walipigwa wakilia. Na kile kidole chake kilichopinda hakikuvunjwa na mpira. Alikivunja Jemadari, siku mdogo wangu alipokinga fimbo kwa mkono.

Hakulia. Hakupandisha sauti. Alisema kama anavyomweleza mteja friji imeharibikia wapi. Baada yake wakapiga wasichana wengine wawili, wakasimulia stoo ile ile.

Kile kidole — mimi ndiye niliyemshonea glavu yenye kijiti ndani cha kukishikilia! Nikajisifu mtaa mzima kwa ubunifu. Kumbe.

Baba alizima redio. Akatoka nje kwenda kutia mafuta baiskeli ambayo haina mnyororo.

Jumatatu, 16 Septemba

Wateja watatu leo, na wote watatu hawakuja kwa ajili ya nguo. Mmoja kaleta suruali ambayo haijachanika popote. Nimeigeuza, nimeigeuza tena, nikamwambia, basi uliza tu ulichokuja kuuliza.

Akauliza kama mdogo wangu ametumwa na wapinzani. Maana Jumamosi tuna mechi nao.

Nimemrudishia suruali yake.

Klabu wamesema wanachunguza. Jemadari atakaa kwenye benchi kama kawaida. Na tawi letu la mashabiki limetoa tangazo: Jumamosi Sura lazima itandazwe, yote, bila kukosa kipande, ili adui aone tumesimama na mtu wetu.

Sura ni kazi ya mikono yangu. Uso wa Jemadari wa kitambaa, mkubwa kiasi cha kufunika jukwaa zima tunalokaa. Tunautandaza vichwani kabla ya mechi. Lakini haukai mahali pamoja, maana hakuna kabati la kuutosha. Niliukata vipande, na kila mwanachama ana chake. Anakaa nacho nyumbani, anakifua, anakipiga pasi, na siku ya mechi anakuja nacho. Kila kipande kina vifungo upande mmoja na vitanzi upande wa pili. Tunafungana hivyo, jirani kwa jirani, mpaka mtu anatokea. Mara ya kwanza kuuona umekamilika nililia mbele za watu. Jemadari mwenyewe alikuja dukani kunishukuru, akanipa mkono. Siwezi kusema sikufurahi. Nilivimba kichwa mwezi mzima.

Mimi nina shingo. Kinyozi, ambaye ndiye mwenyekiti wa tawi, ana sharubu, na hakutaka kitu kingine. Muuguzi ana sikio. Baba ana jicho la kulia. Alipewa kwa heshima, kwa sababu ndiye mpiga ngoma wetu tangu zamani, tangu enzi tunafungwa kila wiki na jukwaani tuko wachache tunaopeana biskuti.

Sasa Baba hasemi na mtu. Amekula, ameshukuru, amelala.

Jumanne, 17 Septemba

Mkutano wa tawi, saluni kwa kinyozi. Nimekwenda. Nilitaka kuwaangalia usoni.

Wamesema mengi. Kwa nini sasa. Kwa nini si kule kule zamani. Mbona sisi wote tulichapwa shuleni na tumekuwa watu. Mmoja akasema Kufuli amefunguka siku mbaya. Kufuli ni mdogo wangu — jina hilo walimpa wao wenyewe, jukwaani, alipokuwa golini hapitishi kitu. Waliimba jina hilo mpaka sauti zikakauka. Nilikumbuka nikataka kumrushia kopo la poda.

Kinyozi hakutukana mtu. Alikuwa amesimama chini ya picha ya Jemadari, akasema taratibu kwamba kichwa kile amekishika kwa mikono yake miaka yote, kila mwisho wa mwezi, na mtu unayemnyoa unamjua. Nilimwamini kwamba anaumia. Macho yalimwiva.

Halafu muuguzi akanyanyuka. Mama huyu akiongea ni kama anasoma kipimo cha joto. Amesema sikio lake ameshalifua na litabaki hapo hapo kwenye kamba. Akasema vidole vilivyovunjika ameviona vingi na anajua mpira unavunja vipi. Akachukua mkoba wake, akaaga kila mtu kwa heshima zote, akaondoka.

Yule aliyemtaja Kufuli alianza kujitazama kwenye kioo kama vile amekuja kunyolewa.

Dada wa watu! Ningekuwa na kofia ningeivua.

Jumatano, 18 Septemba

Hii lazima niiandike vizuri.

Wiki iliyopita, kabla ya yote haya, mdogo wangu alimwahidi kinyozi kwamba Jumatano atakuja kumtengenezea friji ya soda. Leo ni Jumatano. Akaja.

Nilikuwa kwangu, mkabala na saluni, nikamwona anashuka na sanduku lake la vifaa. Nilivuka barabara na pini mdomoni. Ndani walikuwa watu kama saba, na wote wakasahau walichokuwa wanasema. Akasalimia. Wakaitikia kwa kuguna. Akavuta friji kutoka ukutani — iko chini kabisa ya ile picha — akapiga magoti, akaanza kufungua.

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Kinyozi alikuwa ananyoa upande mmoja tu wa kichwa cha mtu, akirudia hapo hapo.

Mwishowe mzee mmoja, muuza magazeti, akakohoa. Mdogo wangu bila kugeuka akamwambia, "Uliza tu, mzee wangu. Nitakujibu huku nafunga hii skrubu."

Mzee akauliza, kwa upole kwa kweli, kwa nini alinyamaza siku zote hizo.

Akasema, "Kwanza nilikuwa mtoto. Halafu nikawa mtu mzima mwenye aibu ya kitoto. Jumamosi nilimsikia yule wa redio anasema baba yao, nikaona aibu ile si yangu."

Akafunga skrubu. Akafunga ya pili. Akamwambia kinyozi asiwashe kwanza, aiache itulie kidogo. Kinyozi akasema asante.

Tulipotoka nilimshika mkono. Nikamwambia namwonea fahari. Akaniambia niteme kwanza pini.

Halafu akasema jambo. Jumamosi atakuja uwanjani. Kwenye kiti chake, kati yangu na Baba, kama siku zote. Timu ni yake pia, ameidakia. Hawezi kukaa nyumbani kama yeye ndiye aliyekosa.

Nikamwuliza, na Sura je? Maana ikitandazwa inapita juu ya vichwa vyetu. Atakuwa amekaa chini ya uso ule.

Akasema hilo ni letu, si lake.

Alhamisi, 19 Septemba

Nimetoa shingo kabatini, nimeitandaza mezani. Kazi safi, lazima niseme. Kivuli cha koo nilikipata kwa vitambaa vitatu vya kahawia. Sijawahi kushona kitu kizuri kama Sura na sidhani nitashona tena. Hili linaniuma na sitaki kujifanya haliniumi.

Nimeirudisha kabatini. Itakaa huko. Uamuzi umenichukua muda mfupi kuliko nilivyoogopa.

Kazi iliyobaki ni Baba. Nikamletea chai, nikakaa, nikajifanya natafuta kitu kwenye kikapu cha nyuzi. Yeye ndiye akaanza.

Amesema siku ile ya kidole Jemadari alimleta mdogo wangu nyumbani kwa gari lake mwenyewe, mkono umefungwa kitambaa. Akamwambia Baba binti amedaka mpira vibaya, lakini ni shujaa. Baba alimshika mikono yote miwili. Akamshukuru. Akamsindikiza mpaka kwenye gari.

"Nilimshukuru," Baba akasema. "Na mtoto amesimama pale mlangoni ananitazama."

Nilimimina chai kwenye kikombe ambacho tayari kilikuwa kimejaa.

Nikamwuliza Jumamosi atafanya nini. Akasema yeye ni mwanachama, kipande si mali yake, ni cha tawi, na hajawahi kwenda mechi mikono mitupu. Akanipa kisogo.

Nimeumia. Sitaandika zaidi.

Ijumaa, 20 Septemba

Foleni ya jezi za watoto. Nimeshona siku nzima kwa hasira, na mshono wa hasira unanyooka kuliko wa furaha, sijui kwa nini.

Kile kidude changu cha kufumulia mshono hakionekani. Nimepekua dukani, nimepekua nyumbani, nimemsingizia paka. Kile chenye mpini mwekundu, nilichokizoea. Nimefumulia kwa wembe, nikajikata.

Baba amepiga pasi jicho. Nimeona pasi iko moto nilipoingia, na mfuko wake wa mechi umeshafungwa uko kando ya ngoma. Kwa hiyo anakwenda nalo.

Sijamwambia mdogo wangu. Nimwambie nini?

Jumamosi, 21 Septemba

Naandika nikiwa jukwaani, daftari gotini. Wachezaji wanapasha misuli. Jemadari yuko pale chini, na suti yake. Upande wetu nusu wanapiga makofi, nusu wanafunga kamba za viatu.

Tulifika mapema na Baba. Mdogo wangu anakuja na usafiri wake, alikuwa na mteja asubuhi.

Kinyozi na kamati walishaanza kufunga. Nywele zipo karibu zote. Paji la uso lipo. Sharubu zipo, zimepigwa pasi. Sikio moja halipo. Shavu moja lina tundu, kisha tundu jingine. Sikutegemea. Muuza magazeti alikuja na kiti chake cha kukunja, mikono mitupu, akasema amesahau. Anavyosahau mzee yule! Anakumbuka magoli ya miaka arobaini.

Wakauliza shingo. Nikasema iko kabatini kwangu na itabaki huko. Yule aliyemtaja Kufuli saluni akaniita msaliti. Kinyozi akamwambia anyamaze. Akasema shingo si neno, uso unatosha, mradi macho yapo.

Wote wakamgeukia Baba.

Baba akafungua mfuko. Akatoa jicho, akalikunjua juu ya ngoma. Limefuliwa, limenyooka, weupe wake unang'aa. Nikageuka pembeni nisimwone.

Kinyozi alishika ukingo ili afunge. Akapapasa. Akapapasa upande wa pili.

Hakuna kifungo. Hata kimoja. Wala kitanzi. Pande zote nne, kitambaa kitupu.

Nikalichukua nikaliangalia, maana hiyo ni kazi yangu. Hakukata kwa kisu. Amefumua uzi mmoja mmoja, kitambaa hakina hata mkwaruzo, mashimo ya sindano hayaonekani. Mzee ambaye hajawahi kushika sindano maishani mwake, na macho yale, na mikono ile ya fundi bomba! Mimi mwenyewe nisingefumua vizuri vile. Akatoa vifungo na vitanzi mfukoni, akavimimina ndani ya kofia yake, akaviweka mbele ya kinyozi. Na kile kidude changu chenye mpini mwekundu, juu yake.

Akasema, "Mali ya tawi nimeileta. Haijapungua kitu."

Basi.

Sijawahi kumpenda baba yangu kama nilivyompenda dakika ile. Naandika hivyo na simwonei mtu haya.

Kinyozi alitazama kofia muda mrefu. Halafu akanitazama mimi. Akasema, si kwa ukali, "Fundi, sindano unayo. Vishone." Akaniwekea jicho mapajani na kofia juu yake, akashuka kuzungumza na kamati. Akasema nikimaliza nimwite.

Sindano ninayo kweli. Kwenye ukosi, kama kawaida. Ndiyo maana nimetoa daftari. Mkono wenye kalamu haushoni.

Mdogo wangu ameingia. Namwona kwenye lango la chini, na skafu ya timu. Anapanda. Safu ya kwanza hawajasogeza miguu, anawaruka. Safu ya pili mmoja amesimama kumpisha. Muuguzi amesimama. Muuza magazeti anahangaika na kiti chake, naye anasimama. Wengine wanaangalia uwanjani, ambako hakuna cha kuangalia.

Baba ameondoa ngoma kwenye kiti cha kati. Anakifuta kwa kiganja.

Kinyozi naye anapanda, nyuma yake. Amefika. Amesimama mbele yangu, anaangalia kalamu. Ananiuliza nimefikia wapi.