Sensa ya Oksijeni kwenye Pikipiki ya Mama Mkwe

Kosa la wengi wanaopata kipimo kizuri ni kukiweka pale panapowafaa wao, si pale kipimo kinapoweza kuona. Kisha hukiamini kuliko macho na pua zao. Barua ya leo ni ya ndugu mmoja wa Amalemba aliyefanya hivyo hivyo. Nimeitoa nzima kwa sababu najua hayuko peke yake.

*Mzee wetu wa safu hii, shikamoo. Niokoe kabla pikipiki haijachukuliwa, maana ikienda, kazi ya mke wangu nayo imekwenda.*

*Mimi ni fundi wa redio na televisheni mjini Kakamega, na mke wangu Jescah ni mkunga katika zahanati iliyo nje kidogo ya mji, na wajawazito wa vijiji vya ndani hawafikiki ila kwa pikipiki, na pikipiki yenyewe si yetu, ni ya marehemu baba yake aliyeinunua Mombasa alipokuwa anafanya kazi bandarini, akastaafu akarudi nayo kwao Matete, na alipofariki mama mkwe wangu, Mama Navalayo, akampa Jescah aitumie kazini. Tangu niijue imekuwa ikikohoa kwenye miinuko, nami nikaona hapa ndipo pa kuonyesha ufundi, kwa sababu rafiki yangu Kibiwott, tuliyesoma naye, yuko Japani kwenye karakana ya pikipiki za mashindano, na walipobadilisha vifaa akanitumia sensa ya oksijeni ya upeo mpana pamoja na kisanduku chake chenye tarakimu nyekundu, kinachokuambia hewa ni kiasi gani kwa petroli kiasi gani.*

*Sasa kosa langu, kama ni kosa, ni hili. Kibiwott aliniambia kwa simu nitoboe bomba la moshi karibu na injini, nichomelee nati, nifunge sensa hapo. Lakini bomba ni la mama mkwe, mzee, na wewe unajua mila zetu, mimi na yeye hatuonani uso kwa uso, sasa ningeanzia wapi kumwambia nataka kutoboa mali ya marehemu? Nikaona nisitoboe kitu, nikaibana sensa kwa waya kule mkiani mwa silensa, moshi unapotokea, nikawasha kisanduku kwa betri ya gari tunayotumia kutazamia televisheni. Jescah akasema, “Baba Tevin, yaani tumekosa taarifa ya habari kwa ajili ya ekzosi?” Nikamwambia angoje kidogo aone fundi akifanya kazi. Pikipiki ikiunguruma polepole kwenye stendi yake, namba zikasoma kumi na saba, yaani hewa nyingi na petroli kidogo, basi nikatia kwenye kabureta jeti kuu, kile kitundu cha kupitishia petroli, iliyo pana zaidi, bado kumi na saba, nikatia pana kuliko hiyo, bado, nikatia ya tatu, bado, na sasa inatoa moshi mweusi, plagi imejaa masizi, na sare ya Jescah inanuka petroli mpaka wagonjwa wanamuuliza kama siku hizi anauza mafuta.*

*Jumanne ilimzimikia mlimani akielekea kwa mama aliyeshikwa na uchungu, akatembea na mkoba wake kichwani, akakuta mtoto amezaliwa mikononi mwa jirani. Mama na mtoto wazima, tunamshukuru Mungu, lakini Jescah alirudi akaniambia, “Leo nimebahatika. Kesho sitaki bahati, nataka pikipiki.”*

*Mama mkwe akapata habari, Jumamosi akafika. Niliposikia sauti yake getini nikaruka chumbani na sensa mkononi, nikasimama nyuma ya mlango, naye akaketi uani akamwambia Jescah kwa sauti ya kufika hata kwa jirani, “Mwambie mwenye nyumba hii, kama yuko, hii pikipiki ilikuwanga inanibeba mimi na gunia la mahindi, na haikohoi. Sasa inatoanga moshi kama jiko la chang’aa. Kama imemshinda, mwisho wa mwezi natuma ndugu zako waje waichukue.”*

*Jescah akasema, “Mama, anaitengeneza.”*

*“Anaitengeneza ama anaifundisha kuvuta sigara?”*

*Wakacheka wote wawili, na mimi kule nyuma ya mlango nikacheka pia, huku nimeziba mdomo. Lakini sikulala vizuri, mzee. Na sasa muuza spea mmoja hapa mjini ananiambia sensa ya Kibiwott ni mbovu, eti ananiuzia nyingine iliyotoka kwenye gari lililogongwa, ina waya mmoja tu, “uzi wake wa kukazia ni uleule, inaingia palepale.” Je, niinunue? Au nikubali tu ndugu za mke wangu waje?*

*Ni mimi, Barasa, Amalemba.*

Ndugu Barasa,

Marahaba. Pole kwa kusimama nyuma ya mlango. Pole zaidi nampa Jescah, ambaye amepanda mlima kwa miguu kwa sababu mume wake aliona haya. Wewe nakupa pole kidogo tu, kwa sababu jibu sahihi ulipewa na Kibiwott, ukalikimbia.

Usinunue kitu. Sensa yako si mbovu. Imekuambia kweli tupu, ila imekuambia habari za uwanja wa nyumba yako.

Nieleze. Injini ya silinda moja haitoi moshi mfululizo kama mto. Hutoa pumzi, ikanyamaza, ikatoa nyingine. Ikiunguruma polepole, kile kipindi cha kunyamaza ni kirefu, na hapo hewa ya nje hurudi ndani ya bomba kupitia mkiani. Wewe umeitundika sensa hapohapo mlangoni. Inaonja moshi wa injini kidogo na hewa ya Amalemba nyingi, kisha inasoma oksijeni yote hiyo kwa uaminifu. Ungemimina ndoo ya petroli kwenye kabureta, bado ingekujibu kwamba hewa imezidi. Mteja akikuletea redio isiyotoa sauti, ukaenda kupima waya za redio ya jirani, utailaumu mita?

Kosa la pili ni lako mwenyewe na wala halimhusu mkwe. Umebadilisha jeti kuu huku ukisoma namba za injini inayounguruma bila kuongezewa mafuta. Jeti kuu hufanya kazi mshiko wa mafuta unapofunguliwa sana, kama pale mlimani. Injini ikiwa imetulia kwenye stendi, inayolisha ni jeti ndogo. Umekuwa ukipanua mlango wa mbele kwa ajili ya watu wanaopita wa nyuma.

Tena fikiria pikipiki hii ilikotoka. Kabureta yake ilipangwa kwa hewa ya Mombasa, usawa wa bahari, ambako hewa ni nzito. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo jeti ileile hutoa petroli iliyozidi. Ilikuwa inakohoa kwa shibe. Wewe ukaona mtu aliyeshiba, ukamwongezea obusuma, ugali wetu, ukamwongezea tena, kisha ukashangaa hawezi kupanda mlima. Na Mama Navalayo akisema haikuwahi kukohoa, usibishane naye. Anamkumbuka mumewe, hakumbuki kabureta.

Kuhusu huyo muuza spea: ni kweli kwamba uzi ni uleule. Lakini kuingia kwenye tundu moja hakufanyi macho kuwa mamoja. Sensa ya waya mmoja imetengenezwa ijue mstari mmoja tu, ule wa hewa kumi na nne na nukta saba kwa petroli moja. Hukuambia uko juu ya mstari au chini yake, basi. Ukiwa na kumi na nne itasema petroli imezidi. Ukiwa na kumi, injini inazama, itasema maneno yaleyale. Mlimani wewe unahitaji kujua kama uko kwenye kumi na tatu au kumi na moja, na hilo huambiwa na sensa ya upeo mpana peke yake. Itumie hiyo ya Kibiwott, na kisanduku chake hichohicho. Najua mikono ya mafundi wa redio: usikate kile kiunganishi chake uunganishe waya kwa lehemu. Huenda ndani yake kuna rezista ndogo iliyopimwa kwa ajili ya sensa hiyo moja, na ukiitupa, namba zote zitakuwa za kubuni.

Sasa kuifunga. Mahali pake ni kwenye bomba lenyewe, kama shubiri mbili kutoka kwenye injini, kabla ya silensa, na maungio yote ya nyuma yake yawe hayavuji. Fundi wa kuchomea atoboe, achomelee nati yenye uzi wa milimita kumi na nane, sensa ikiwa mezani na betri ya pikipiki ikiwa imefunguliwa waya. Nati ielekee juu kwa mshazari, ili waya zikae juu na ncha ichungulie chini. Ikilala upande wa chini, maji yanayojikusanya kwenye bomba asubuhi yatamwagikia kauri yake ya moto, nayo itapasuka. Maungio usiyazibe kwa ile gundi ya silikoni ambayo mafundi wetu hupaka kila mahali, kwa maana mvuke wake ni sumu kwa sensa. Na sensa isikae ndani ya bomba injini ikifanya kazi bila kupewa umeme, itajaa masizi kama plagi yako. Betri ya televisheni inafaa sana kwa kazi hii. Ifunge kwa mpira kwenye keria, na habari mtasikiliza redioni, maana nyumba ya fundi wa redio haikosi redio.

Jambo moja ambalo Kibiwott huko aliko huenda halijui. Petroli yetu hapa bado huchanganywa madini ya risasi, na risasi huiua sensa hii taratibu. Kwa hiyo usiiweke kama mkaazi. Ifunge, pima, rekebisha, ifungue, uihifadhi kwenye kitambaa kikavu. Tundu lizibe kwa plagi nene ya matrekta ya zamani ya mafuta ya taa. Bado zinapatikana kwenye mashamba ya Lugari, na uzi wake unaingia bila shida.

Unapopima, kwanza rudisha jeti ya zamani na utie plagi mpya. Hata kabla ya vipimo, kwa jeti hiyo pikipiki itakohoa kama zamani, lakini itamfikisha Jescah. Kisha tafuta mlima mrefu usio na magari mengi. Wewe endesha, mwingine akae nyuma akisoma namba kwa sauti. Dereva anayetazama tarakimu hatazami ng’ombe barabarani. Ukiwa umefungua mafuta yote unataka kumi na mbili na nusu hadi kumi na tatu. Ikisoma chini ya hapo, punguza jeti kuu kwa namba moja, upande tena. Ikipita kumi na tatu na nusu mlimani, simama, umezidisha upunguzaji na injini itachemka. Nenda hatua kwa hatua, wala usibadilishe vitu viwili kwa mara moja. Sina shaka utaipata. Mtu anayetafuta hitilafu kwenye televisheni hashindwi na kabureta.

Limebaki lile unaloliogopa. Barasa, heshima ya mkwe inakuzuia kumkabili mama huyo. Haikuzuii kumwomba. Ndiyo maana yeye mwenyewe alikaa uani akazungumza na Jescah ili wewe usikie, akakuonyesha njia inayotumika. Wewe ukaitumia njia hiyo kusikiliza tu, hukuitumia kujibu. Pikipiki ni yake. Ana haki ya kuambiwa kwamba kutakuwa na tundu la ukubwa wa kidole gumba, pembeni mwa bomba, litakalozibwa kazi ikiisha, na kwamba bila tundu hilo bintiye ataendelea kutembea milimani akiwahi uchungu wa wengine. Mwambie pia ukweli kwamba moshi ule ni wa mkono wako, si uzee wa pikipiki ya mumewe. Mama aliyepanda nyuma ya pikipiki hiyo na gunia la mahindi atakuelewa, na akicheka, nyuma ya mlango au mbele yake, mwache acheke.

Usitoboe bomba lake kwa siri, wala usingoje mwisho wa mwezi. Leo hii, mtume Jescah aende Matete akamwombe mama yake ruhusa ya kutoboa bomba.