Zamu ya Papa Profesa

Goma, Katoyi
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umekaa, maana dada Masika ameniambia kwamba goti limekuanza tena na bado unasimama ufukweni kungoja mitumbwi. Je, unapaka ile dawa niliyokutumia? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, paa halivuji. Papa Ramazani, dereva wa samaki, atapita hapa kesho asubuhi kabla ya kupanda Kiwanja, kwa hiyo naandika yote leo. Simu ya huko kwenu hukatika kila tunapofika kwenye jambo lenyewe.

Uliniuliza, "Muzee wako wa maneno anaendelea aje?" Nikajibu, "Muzuri kidogo," na laini ikakatika. Haikuwa kweli, Mama. Nimefungua daftari langu la kila siku nikueleze kwa mpangilio, nisiruke kitu.

Unakumbuka Papa Profesa alivyofika kwetu Vitshumbi na mashine yake ndogo ya kurekodi, wavuvi wakadhani ametumwa na watu wa kodi, wakanyamaza wote. Wewe ulikuwa unapasua samaki, ukamwambia, "Papa, kama unatafuta maneno, mimi niko nayo mengi kupita samaki. Lakini andika kwanza kama chumvi imepanda bei." Alicheka mpaka miwani yake ikaanguka kwenye ndoo ya matumbo. Baadaye akauliza kama kuna kijana aliyemaliza sekondari, anayejua Kinande, Kinyarwanda na Kiswahili, mwenye mwandiko unaosomeka. Ukanisukuma mbele kabla sijajibu.

Labda sikuwahi kukueleza vizuri kazi yenyewe. Papa Profesa ni mtoto wa katekista wa upande wa Rutshuru. Alisoma mpaka Ulaya, na kwao wote walingoja arudi na kamusi. Yeye akarudi, akaenda kukaa sokoni Kiwanja kurekodi akina mama wakipatana bei ya maharage. Wenzake chuoni walimcheka kwamba anafundisha makelele ya soko. Hakuwajali. Alisema maneno hayakai mdomoni mwa mtu mmoja, yanakaa kati ya wawili, kama chukudu, ile baiskeli ya mbao, iliyopakiwa magunia ikipanda mlima: mmoja ameshika usukani, lakini asipokuwepo wa kusukuma nyuma, haifiki. Anayesikiliza ndiye anayesukuma. Akiacha kusikiliza, msemaji anakwama hata kama ana sauti kubwa namna gani.

Kazi yangu ilikuwa kusikiliza sauti alizorekodi na kuandika kila kitu, pamoja na vimya vya katikati ya maneno. Alinifundisha kuvipima kwenye kompyuta. Mtu akikubali jambo, jibu lake hutoka haraka, mara nyingine kabla swali halijaisha. Akitaka kukataa anachelewa, anavuta pumzi, anasema "aah, unajua..." Nilivipima miaka yote hii na ilikuwa hivyo karibu kila mara, kwa wavuvi, kwa wachungaji wa ng'ombe wa Masisi, kwa wafanyabiashara wa hapa mjini. Nilifika mahali pa kujua kwamba muuza nyanya atanikatalia hata kabla hajafungua mdomo.

Halafu mwezi uliopita, siku ya Jumanne, akaanguka bafuni.

Daktari alisema ni mshipa wa kichwani. Mkono wa kuume umelala, na maneno hayatoki. Alisema anasikia na anaelewa, ila mtu asimharakishe. Tulimrudisha nyumbani kwa sababu hospitali ilijaa na dawa aliyoandikiwa haikuwepo mjini.

Ndipo wageni wakaanza kuja. Unajua kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Walikuja akina mama wa kwaya, walikuja wanafunzi wake wa zamani, majirani wakaleta uji na ndizi. Kila mmoja alimsalimu, na kabla hajapumua, mwingine alimjibia. "Papa, uliamuka je?" "Ameamuka muzuri, mama, Mungu ni mwema!" "Unakulaka?" "Anakula, anakula, jana alimaliza uji." Jirani mmoja, aliyesoma kwake, akamtania: "Profesa, leo umenyamaza? Na vile ulikuwa unatunyamazisha sisi darasani!" Watu wakacheka. Papa Profesa alikuwa ameshafungua mdomo kumjibu yule wa kwanza. Akaufunga polepole. Nilimwona, Mama. Walikuja kwa upendo, na kila upendo ulimkalia mdomoni.

Nilimwomba Mama Agnès, mke wake, kama tunaweza kuwaambia wageni wangoje kidogo wakishamwuliza kitu. Akaniangalia kwa huruma. "Binti yangu, mutu akikuja kuona mugonjwa, halafu nyumba inyamaze, si atasema tumefiwa?"

Wiki ya pili akafika Innocent, mtoto wao wa kwanza anayefanya kazi Nairobi. Alipitia Kigali, akaingia na viatu vyeupe vya safari, akapiga magoti kando ya kitanda akalia kama mtoto. Alitaka kumchukua baba yake akatibiwe Nairobi. Mama Agnès hakutaka. Walibishana mbele ya mgonjwa, na mimi nimeshika bakuli.

"Mama, dawa haiko hapa. Utamupa majani?"

"Baba yako hajakimbiaka. Volkano ilimukuta hapa. Vita ilimukuta hapa. Kila mara munamuita, anakataa."

"Alikataa akiwa na miguu."

"Basi mumuulize!"

"Nilimuuliza. Haseme kitu."

Wakanigeukia. Innocent akasema, "Kavira, wewe unajua kimya chake kuliko sisi. Muulize wewe, utuambie. Chenye utasema, ndiyo tutafanya."

Mama, hapo nilitamani uwe karibu. Neno langu lilikuwa limepewa uzito ambao sikuuomba: azeeke kwake au azeeke ugenini, apone au asipone.

Siku ya Alhamisi niliwaomba wote watoke, nikafanya kwa njia yake mwenyewe. Nilifikiri: nianze na maswali ambayo majibu yake nayajua, nione yanachelewa kiasi gani, halafu niulize lile kubwa. Nikamwuliza kama anataka chai ya tangawizi, ambayo hajawahi kuikataa. Nikangoja. Nje kulikuwa na mtu anasukuma madumu ya maji. Mwishowe mkono wake wa kushoto ukabonyeza wangu. Nikamwuliza kama anataka chai yenye chumvi. Nikangoja vilevile, na mkono ukabonyeza vilevile. Nikapima tena kwa maji na kwa redio. Jibu la ndiyo na jibu la hapana yalichelewa sawasawa. Tena sikuweza kujua kama anajibu swali hili au lile lililotangulia. Kila kitu nilichojifunza kwake kilitegemea mtu mwenye afya, mwenye haraka ya kukubali.

Hata hivyo nikamwuliza. "Papa Profesa, unataka kwenda na Innocent?" Aliniangalia. Mdomo ulitikisika. Nilingoja mpaka kivuli cha dirisha kikatoka kitandani. Kisha machozi yakamtoka, na mkono haukubonyeza chochote. Kwa kanuni yake mwenyewe, kuchelewa vile ni kukataa. Kwa maneno ya daktari, kuchelewa vile ni ugonjwa tu. Na machozi, Mama, sikuwahi kufundishwa kuyaandika.

Nilipotoka walikuwa wamesimama wote kwenye korido.

"Alors? Amesema nini?" Innocent akauliza.

Nilijua kwamba nikisema "amekataa" atabaki. Nilitaka abaki. Lakini tamanio lile lilikuwa langu mimi, na Papa Profesa ndiye aliyenifundisha kutoandika neno ambalo mtu hakulisema. Nikasema, "Sijui."

Mama Agnès akakaa chini kwenye simenti. Innocent akangoja kama nina cha kuongeza. Akatoka kutafuta gari.

Jana tuliwasindikiza mpaka bariera kubwa ya mpakani, Mama Agnès naye akienda, mkoba wake magotini. Mimi sina karatasi za kuvuka. Kwaya ilikuwepo, wakaimba, wakaomba, kila mmoja akaingiza kichwa dirishani: "Kwenda muzuri, Papa! Utarudi! Amesema ndiyo, atarudi!" Zamu yangu ilipofika sikusema kitu. Nilifikiri, wote wameshasema, mimi nimwachie nafasi. Nikashika mlango wa gari nikamtazama, naye akanitazama, na nikaona anavuta pumzi, kweli kabisa, pumzi ya mtu anayeanza. Nyuma yetu magari yakapiga honi. Dereva akasema, "Dada, achilia mulango, wanatufungia njia." Nikaachilia. Wakapita upande wa pili.

Sijui alitaka kusema nini. Nimeandika hivyo tu kwenye daftari.

Leo nimefagia nyumba yao. Nimeachiwa funguo na kuku. Utauliza kama nitarudi nyumbani sasa kwa kuwa kazi imesimama. Innocent ameomba nilinde sauti zile baba yake alizorekodi mpaka watakapojua hali yake, nami siwezi kuzibeba wala kuziacha. Kwa hiyo nipo. Usinitumie samaki wabichi, umeme hauaminiki. Wakavu tu, na wachache.

Nisalimie kaka yangu Kambale anayeshona nyavu, mwambie shati lake nimepata ila mikono ni mifupi. Nisalimie shangazi Katungu anayegonga kengele ya kanisa, na dada yangu Masika na mapacha wake wote wawili, hata yule anayeniogopa. Mjomba wa duka mwambie betri nitamtafutia.

Mama, wewe ulikaa na yule mzee ufukweni siku nzima, akakupenda kwa maneno yako. Ungekuwa kwenye korido ile, ungewaambia nini? Nijibu kupitia Papa Ramazani. Nitamwomba akae kwako mpaka umalize kujibu, hata ukichelewa.

Mimi binti yako akupendaye,
Kavira