Jogoo wa Nyuzi

2 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Huku sisi wazima, isipokuwa mama, ambaye uzima wake siku hizi ni wa kuazima. Tangu miguu imgomee, hawezi tena kulalia ubavu wa dirishani. Kutwa anatazama ukuta. Juzi kaniambia, "Mwanangu, huu ukuta nimeshausoma mpaka mwisho. Nitafutie mwingine." Nikacheka, kisha nikaenda jikoni kulia.

Picha za dukani siziwezi, dawa zinameza kila kitu. Wewe unayefanya usafi kwenye hoteli ya wakubwa, huko kuta wanazivika nini?

Simu yako kuharibika hakumsikitishi mama hata kidogo. Anasema sauti hupita, karatasi hubaki. Barua yako nimemsomea mpaka naijua kwa moyo.

Dada yako

14 Februari

Dada,

Shikamoo. Na ya mama mfikishie kabla hujasoma mbele.

Hapa mapokezi kuna picha ya mti. Kwa mbali utadhani imechorwa. Siku moja naifuta vumbi, kumbe ni misumari na nyuzi tu! Nyuzi, dada, kitu ambacho nyumbani kwetu tunakifagia!

Tafuta ubao mwepesi, hata wa kreti, uupige msasa. Chora picha kwenye karatasi, ibandike juu ya ubao, halafu pigilia misumari midogo kufuata mstari, vichwa vibaki nje. Ichane karatasi uitoe. Funga uzi kwenye msumari mmoja, uvute mpaka wa ng'ambo, urudi, upishanishe hadi picha ijae. Usilegeze mkono. Nyuzi mnazo, mama kashona maisha yake yote, masalia yake yanajaza debe.

Muulize anataka picha gani. Likizo yangu ni Aprili, nitakuja kuiona.

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama naye kaitikia yake, kaongeza kwamba ule vizuri.

Kachagua jogoo. Nilidhani atataka ua. "Ua litanifaa nini? Nataka kitu chenye kelele." Ubao ni mlango wa lile kabati letu lililokufa. Fundi viatu wa jirani kanipa misumari iliyopinda, nikainyoosha kwa jiwe, na kidole gumba kimevimba kama kiazi. Rangi anachagua mwenyewe kitandani. Anashika kila uzi na kukumbuka nguo yake: huu wa bibi harusi aliyebadili mawazo, huu wa sare zetu za shule.

Nilipomwonyesha kichwa na kifua, alitazama weee, kisha akauliza, "Huyu ni jogoo au birika?" Tulicheka mpaka akapaliwa. Tangu augue sijamsikia hivyo. Sasa kajifanya msimamizi: "Kaza hapo! Mdomo huo unyooshe!" Umebaki mkia tu.

Njoo Aprili kweli. Hajambo ya leo si ya kesho.

Dada yako

28 Machi

Dada,

Shikamoo. Mama anaendeleaje?

Likizo imesogezwa. Hoteli imejaa, na msimamizi kasema atakayeondoka asirudi. Na mshahara huu ndio dawa za mama. Mwambie nakuja Juni. Usimwambie nimelia.

Mdogo wako

30 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mbona kimya? Barua yangu ilifika? Nitukane basi, lakini andika.

Mdogo wako

17 Mei

Mdogo wangu,

Kaa chini kwanza.

Mama ametutoka. Tumeshamzika. Nilipiga simu hotelini kwenu, wa mapokezi akasema ujumbe utakufikia. Barua yako ya mwisho ndiyo imenionyesha kwamba haukufika.

Hata hivyo ningeweza kuandika mapema. Nilikuwa na hasira. Mimi ndiye nilikuwa namgeuza na kumwosha, naye midomoni alikuwa na wewe tu. Siku ile ya mwisho, asubuhi alikuwa mchangamfu. Alitazama ukutani akasema, "Mkia umemkaa vizuri, mshenzi yule." Tukanywa chai. Mchana macho yakaanza kumwacha. Akaita, "Kitindamimba wangu, umefika?" Nikamwambia, mama, ni mimi. Akaita tena. Akaita tena.

Mwisho nikaitika.

Dada yako

2 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imenikuta chumba cha kufulia. Nimekaa juu ya mashuka ya wageni, na wenzangu wakanifanyia zamu yangu bila kuniuliza kitu.

Hasira yako ni haki yako. Sina la kujitetea. Naomba jambo moja tu. Ulipoitika, ulimwambia nini? Naye alikujibu nini?

Mdogo wako

15 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole sana, mwenzangu.

Nilimwambia, "Nimefika, mama." Akautafuta mkono wangu juu ya shuka. Akaupapasa kiganja, akaupapasa vidole, polepole, kama anayekagua kitambaa. Kisha akasema, "Mikono yako imekuwa migumu, mwanangu. Pole na kazi." Hakusema tena kitu.

Nimekaa na neno hilo peke yangu mpaka limenishinda. Pole ilikuwa yako, mikono ilikuwa yangu.

Njoo tugawane.

Dada yako