Bastola Tupu na Ukuta wa Mama

Baba,

Chai iko kwenye chupa. Dawa ni saa nne, usijisahaulishe.

Asubuhi uliniuliza kama kuifyatua bastola bila risasi kunaiharibu. Nyingi hustahimili. Hiyo yako ndogo, hapana: pini yake ya kufyatulia hugonga ukingo wa chuma, na mwishowe huvunjika. Dawa yake ni risasi bandia, zinazopokea pigo la pini. ~~Nimekuachia sita kwenye droo.~~ Nimeondoka nazo, pamoja na bastola.

Nilipokuuliza kama ni tupu, ulinicheka: "Mwanangu, miaka thelathini ya ulinzi, nisijue iliyo tupu?" Nilipoichukua kuikagua, nilikuta risasi moja ndani, ya kweli. Ulikuwa umelenga ukuta wa chumba ambamo Mama alikuwa amelala.

Pini ni nzima. Mama sijamwambia. Mwambie wewe kabla sijarudi.

Binti yako, fundi wa silaha