Kanuni Zangu, Jina la Tejas

Mchafukoge,
Dar es Salaam.
14 Machi 1998

Mpendwa Dada Mwanamize,

Shikamoo. Habari za Maskati, na mgongo wako umetulia? Huku tu wazima. Mama anakula vizuri, ila joto linamsumbua.

Uliniuliza kwenye simu mbona sauti yangu imekauka. Sikutaka kusema mbele ya Mama. Nimeachishwa kazi.

Unaijua ofisi ya Bwana Narendra ya programu za kompyuta. Tangu serikali iruhusu biashara huria, kila hospitali binafsi inataka kompyuta, nasi tukapewa kazi ya kuandika programu ya mafaili ya wagonjwa wa hospitali moja ndogo Upanga. Programu yenyewe ina vipande: kimoja kinaitwa Mgonjwa, kingine Dawa, na kila kimoja kinatunza taarifa zake. Tulikuwa watatu tunaoandika, kwa hiyo nilitunga kanuni, kurasa kumi na moja. Kila jina lieleweke hata kwa muuguzi. Kipimo kionekane kwenye jina: si "uzito", bali "uzitoKilo". Kipande kimoja kisichokonoe ndani ya kingine, kiulize, kijibiwe.

Tejas, mpwa wa Narendra, aliyerudi kutoka masomoni Marekani, alizisoma akacheka.

"Anfal, haya ni ya darasa la pili. Kompyuta haijali jina."

Kwenye sehemu yake akageuza kilo kuwa ratili, ambazo mbili na kidogo ndiyo kilo moja, kama alivyozoea huko, akaandika "uzito" tu. Sehemu ya dozi ikaichukua namba ile kama kilo. Mtoto wa kilo kumi akapangiwa dawa ya mtoto wa kilo ishirini na mbili. Sista Agnesi, muuguzi wa pale, alishaivuta kwenye sindano, akasita. "Huyu nimembeba mwenyewe. Hana uzito huo." Akaimwaga.

Kesho yake Narendra akaniita.

"Programu uliikabidhi wewe."

"Niliikabidhi. Kosa liko kwenye sehemu ya Tejas."

"Tejas ni mtoto wa dada yangu."

Alisema hivyo tu, akanipa barua. Miaka minne, Dada.

Ijumaa nilikwenda kuchukua vitu vyangu. Kanuni zangu zimebandikwa ukutani, neno kwa neno, juu jina la Tejas. Kijakazi, mpiga chapa wetu, aliniona nikizisoma akainamisha macho. Tejas mwenyewe akanifuata, hana hata aibu, anataka nimfafanulie ukurasa wa saba, ule wa kutochokonoa. Hakunikaribisha kiti. Nilimweleza nimesimama, nikarudia mpaka akaelewa, maana watoto wanapelekwa hospitali ile kila asubuhi. Hakusema asante. Nikashuka ngazi.

Sijamsamehe, na usinihimize.

Ami Hamud msimwambie bado. Atapiga simu kugombana na watu. Nisalimie Shemeji Mohammed, na Sabaha mbusu mashavu yote mawili. Mungu akulindeni na kila baya, akupeni afya na usingizi mwema.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kukupenda siku zote,
Anfal