Kelele za Mashine Tupu

Jumatatu, 3 Machi
Msimamizi kanirudishia mashine nane za kupima moyo wa vichanga. Zimefeli kipimo cha kelele, mstari unatetemeka. Eti mikono yangu! "Mama mtoto, unalehemu huku unasinzia." Mbele ya wote. Nasinzia, kweli — binti yangu anaota meno. Lakini lehemu yangu safi. Tajiri mwenye karakana anakuja Ijumaa. Zikiwa bado hivi, eti kazi basi, nikalee mwana nyumbani. Nyoka yule.

Jumanne, 4 Machi
Nyaya za kubandikwa kifuani nimezifunga pamoja, zisishike kitu. Hapo mita inapaswa kusoma kelele za mashine yenyewe tu. Mwisho unaoruhusiwa ni mikrovolti 20. Nimepata 46! Moyo wa kichanga unazama humo. Nikazima taa — 45. Feni — 45. Msimamizi akauliza kama natafuta jini. Mafundi wakacheka. Akutukanae hakuchagulii tusi.

Jumatano, 5 Machi
Nimeipata! Chaja ya simu ya msimamizi, bandia, kaichomeka chini ya meza yangu. Nikachomoa: 9. Nikachomeka: 46. Mara tano, zote daftarini. Akaja mbio, nani kagusa simu yake? Nikamwonyesha mita. Hakuitazama hata. "Hapa unafundishwa, hufundishi." Akachomeka tena. Nikachomoa tena.
Jioni binti kanivuta pua, kacheka. Chuki yote ikanitoka — dakika mbili hivi.

Ijumaa, 7 Machi
Mashine saba: 9, 9, 10, 8, 9, 11, 9. Natabasamu peke yangu. Ya nane: 38.
Chaja hakuna. Nikaifungua. Lehemu ya waya wa ardhini imepasuka. Yangu. Niliilehemu siku mtoto ana homa, nikisinzia.
Kuirekebisha nusu saa, na tajiri yuko mlangoni. Msimamizi kachungulia, kaona namba. Kaninong'oneza: "Andika 10, dada. Ya kwako nayafunika, na wewe chaja usiitaje."
Dada! Leo ndiyo nimekuwa dada.
Nimemwaza mama fulani, kakodolea macho mstari wa mwanawe. Nimeandika 38, kosa langu. Na chaja nimeiandika. Nikatia sahihi.
Tajiri anasoma daftari kwa kidole, mashine moja moja. Msimamizi kasimama nyuma yake, ananikazia macho. Naandika haya gotini. Kidole kiko ya sita. Ya saba. Kimesimama. Tajiri anauliza, hii ya nane nani kaiandika? Naweka kalamu, nasimama.