Picha Bado Zinasafishwa

Nyumbani, chumba cha nyuma.

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kaka yako. Kabla ya yote nakuuliza hali: mgongo unaendeleaje, na je, huko kazini wamekupunguzia zile zamu kama ulivyoomba? Sisi huku tunapumua. Macho yangu yameanza tena vituko vyake, ndiyo maana mistari hii inapanda na kushuka kama kazi ya mtoto wa darasa la kwanza. Wifi yako mguu humsumbua anapoamka, lakini ukishapata moto anatembea vizuri, na cherehani yake naisikia hapa ikilia upande wa pili wa ukuta.

Najua umeshangaa kupata barua ya karatasi. Mimi na wewe tunazungumza kwa simu kila wiki, sasa kaka amepatwa na nini hata akatafuta stempu? Nitakueleza, ila niruhusu nieleze kwa mpangilio, maana unanijua, ualimu haujanitoka. Kwa sasa nakuomba mambo mawili tu. Kama umesimama, kaa. Na ukimaliza kusoma, usinijibu kwa simu. Simu yetu huwa tunaiweka spika, na jumbe zangu ananisomea wifi yako.

Nakuandikia kwenye meza ya mwanao. Hatujahamisha kitu. Bisibisi zake ziko ndani ya kopo la biskuti, zimepangwa kwa ukubwa, ndogo kabisa ikiwa nyembamba kama sindano. Nyaya zimefungwa mafungu mafungu kwa nyuzi za cherehani alizomwibia wifi yako, na kila fungu lina rangi yake. Kuna feni za kompyuta ambazo hazina kompyuta, na lenzi moja kuukuu aliyoifungua akashindwa kuirudisha. Hiyo ndiyo iliyomshinda peke yake, nayo aliiweka mbele kabisa ya rafu ili imdhihaki, alivyosema mwenyewe.

Unakumbuka alipokuja kuishi nasi, ulipoondoka kwenda kutafuta kazi, kitu cha kwanza alichofungua ni redio yangu. Nilikasirika sana. Nilimwambia kwamba nimefundisha fizikia tangu kabla hajazaliwa na sijawahi kuifungua redio ile, yeye amepata wapi ruhusa. Akanijibu kwa adabu zake zote kwamba labda ndiyo sababu haikuwa ikishika stesheni zaidi ya moja. Jioni ilikuwa imefungwa tena, na inazungumza kutoka kila upande. Jirani ndiye aliyemwita Bisibisi, kwa sababu ya ile aliyoichomeka mfukoni mwa shati mahali ambapo wenzake huweka kalamu. Jina likamganda. Hata alipokuwa mtu mzima anayetunza kompyuta za ofisi nzima, mkurugenzi wake naye alimwita hivyo hivyo, Bisibisi.

Kuna jambo sikuwahi kukusimulia. Siku moja alikuwa ameufungua mtambo wake mwenyewe, ule aliouunda kwa vipande vya mashine zilizokufa, akawa ananionyesha lile bamba kubwa ambalo vyote vimechomekwa humo. Mafundi huliita mazabodi. Mimi nikamwambia kwa Kiswahili chema aliite ubao mama. Akacheka, akasema kumbe hata kompyuta ina mama. Akaendelea kuchomeka nyaya zake, halafu akasema bila kuniangalia, "Mama yangu mimi yuko mbali, Mjomba, lakini moto unafika." Nilimshikia tochi.

Baadaye ikaja kamera. Hapo ndipo alipomteka wifi yako, ambaye mambo ya nyaya yalikuwa yakimpa usingizi. Hakutaka watu wasimame wima na kukodoa macho. Alipiga picha vidole vya wifi yako vikipitisha uzi tunduni, mvuke wa chai juu ya kikombe, kivuli changu nikiwa nimesinzia kitini. Alimfundisha kwamba anachokipiga si mtu, ni mwanga uliomwangukia mtu. Wifi yako alirudia maneno hayo kwa wateja wake mpaka wakamchoka.

Sasa hapa nakuomba unifuate polepole, kwa sababu yote yaliyotokea yamejengwa juu ya neno moja.

Wifi yako, kama mimi na wewe, ni mtu wa zama za filamu. Ulipiga picha, ukapeleka filamu studio, ukangoja zisafishwe. Hatukuwa na neno jingine. Ukimwuliza mtu picha za harusi yake ziko wapi, alikwambia zimepelekwa kusafishwa. Tena lilikuwa neno la haki, maana filamu ilizamishwa gizani kwenye maji ya dawa, na sura ikajitokeza kidogo kidogo kama mtu anayeamka usingizini. Kusafisha ndiko kulikoileta picha duniani. Basi kila mwanao alipomwonyesha picha kwenye kompyuta, wifi yako alimwambia, nzuri, baba, lini utaisafisha? Naye alichukua kitambaa, akafuta kioo cha kompyuta, akasema, "Tayari, mkaza mjomba, imesafishika." Wakacheka kila mara, kana kwamba utani ule ulizaliwa siku hiyo.

Kisha figo zikamgeukia. Hayo unayajua, sitayarudia yote. Wifi yako ndiye aliyempeleka hospitali kusafishwa damu, akakaa naye saa zote zile karibu na mashine, na mwanao, hata katika hali ile, akimweleza muuguzi pampu yake inavyofanya kazi. Waliporudi nyumbani wifi yako aliniambia kwa furaha kwamba leo wamemsafisha vizuri, uso umepata rangi. Ndivyo neno hilo lilivyokaa kichwani mwake, mdogo wangu. Kwake yeye, kitu kikisafishwa kinarudi kwetu.

Katika miezi ile ndipo mwanao alipoanza kujipiga picha kila asubuhi, kamera juu ya stendi, yeye amekaa karibu na dirisha. Alikwambia mwenyewe. Hakutaka kukutumia moja moja ukakaa huko ukilia peke yako. Alisema atakutumia zote pamoja siku atakapopona, uone alivyokuwa akirudi. Hakurudi. Wewe ukazuiliwa na zile karatasi zako za ukaazi, hukuweza kuja kumzika, na tangu hapo umeniomba kitu kimoja tu, picha za dirishani. Kila ukiniuliza nimekujibu kwamba bado zinashughulikiwa. Sauti yangu unaijua, labda umeshahisi.

Wiki chache baada ya mazishi nilikwenda kupimwa macho. Wifi yako alikuwa amepanga kutushangaza, mimi na wewe. Aliuzungushia mtambo shuka la kitanda cha marehemu, akamwomba jirani amsaidie kuubeba, akaupeleka kwa fundi wa kompyuta pale kona, kijana mwenye adabu ambaye mwanao alikuwa akinunua vifaa kwake. Akamwambia, "Marehemu ameacha picha zake humu. Nisafishie zote, mwanangu. Usiache hata moja."

Fundi alimwambia pole, akamwahidi ataifanya kazi hiyo mwenyewe.

Alipopiga simu kwamba iko tayari, nilikwenda mimi kwa sababu ya mguu wa wifi yako. Mtambo ulikuwa umepanguswa vumbi hadi ndani ya feni, unang'aa. Akauwasha ili nione. Ukanikaribisha kama mgeni, ukaniuliza jina langu nani na ningependa lugha gani. Nikamwambia fundi, "Vizuri. Na picha?"

"Zimesafishwa zote, Mwalimu. Kama mama alivyosema."

"Nimefurahi. Umeziweka kwenye bahasha?"

Akaniangalia. Nami nikamwangalia. Kisha akavuta kiti, lakini aliyekaa ni yeye, si mimi.

Usimchukie, nakuomba. Aliniambia familia nyingi humletea mashine za marehemu azifute kabla hazijauzwa au kugawiwa, ili mambo ya ndani ya mtu yasizagae mikononi mwa wageni. Kwake yeye kusafisha ni huko. Hakufungua picha hata moja, kwa heshima. Na kwa kuwa alimpenda mwanao, hakutaka kulipua kazi. Nikueleze tofauti yake, nimejitahidi kuielewa. Ukifuta faili kwa kawaida, ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu: sura zenyewe bado zimo, mtu mvumilivu atazipata. Yeye alifanya kama mwalimu anayepangusa ubao kwa kitambaa kibichi, kisha akaujaza wote sifuri, kisha akaupangusa tena.

Utauliza habari za nakala, maana mwanao alituchosha kwa wimbo wa nakala. Nakala ilikuwepo. Ilikuwa kwenye diski ya pili, na diski ya pili ilikuwa humo humo ndani ya mtambo. Fundi aliiona, akaisafisha nayo. Usiache hata moja. Kadi ya kamera mwanao aliifuta kila alipohamisha picha, simu yake vivyo hivyo, na mtandaoni hakuweka kitu, alikuwa akisema hawezi kutunza nguo zake kwenye kabati la mtu asiyemjua. Fundi alifunga duka siku kadhaa akijaribu kila programu ya kufufua mafaili aliyoijua. Kisha akaja nyumbani nikiwa peke yangu, akaniambia kuna sifuri tu, akalia hapa hapa, karibu na kopo la biskuti.

Ndivyo ilivyo, mdogo wangu. Picha za dirishani hazipo. Nimeliandika sasa, na sina namna nyingine laini ya kuliandika.

Wifi yako hajui. Siku ile nilirudi mikono mitupu, nikamwambia bado kidogo. Kila akipita pale kona humwuliza fundi kama tayari, na fundi, niliyemwomba mimi, humwambia wino umeisha, au karatasi nzuri hazijaletwa. Kijana amekonda. Wifi yako ameshanunua albamu kubwa, yenye jalada gumu, ameilaza juu ya kitanda cha mwanao. Tena amenikataza kuweka kitu juu yake.

Nimejiuliza sana kwa nini nisimwambie. Nimewaambia wanafunzi wangu maisha yangu yote kwamba jibu lisilopendeza nalo ni jibu. Lakini unajua hatukujaliwa mtoto, na unajua alivyomlea wa kwako. Tayari anajilaumu kwa ule uvimbe wa miguu, kwamba aliudhani ni uchovu, akamkanda kwa maji ya moto badala ya kumkimbiza hospitali. Huwa anaamka ananiuliza, ningewahi je? Sasa nimwongezee na hili, kwamba alichobakiza marehemu alikibeba yeye mwenyewe, kwenye shuka, akakipeleka kufutwa? Sijaweza. Nimefungua mdomo mara nyingi, nikaishia kuuliza chai.

Kwa hiyo nakuja kwako na ombi ambalo ndugu hapaswi kumwomba ndugu yake, sembuse mama aliyefiwa. Kwenye simu yako mna picha alizokutumia miaka hii yote, zile ndogo ulizokuwa ukilalamika kwamba ukizikuza zinakuwa kama ukungu. Mtumie fundi, namba yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Anasema zitatoka vizuri zikiwa ndogo, za kutosha kiganja. Atazichapisha, nami nitazileta nyumbani kwenye bahasha, na wifi yako atazipanga. Akiuliza za dirishani, nitamwambia hizo ni za mama mzazi, zimetumwa kwako. Hatabisha. Alishasema mwenyewe kwamba zile ni haki yako.

Naona ninachokuomba. Wewe umeporwa picha, halafu nakuomba uonekane ndiye uliyezipata, na mwenzio akikuuliza kwenye simu mwanao alionekanaje asubuhi zile, umjibu. Kama hilo ni zito kupita kiasi, sema hapana. Wewe ndiye mama. Ukiandika kwamba aambiwe ukweli, nitakaa naye kitandani pale, karibu na albamu, nitamwambia mimi, kwa sauti yangu. Ukiandika kwamba asiambiwe, nitanyamaza mpaka nizikwe. Sitakuuliza sababu kwa lolote utakaloamua.

Na wewe, ambaye hukumwona, nikupe nilichonacho. Niliketi nyuma ya kamera ile asubuhi nyingi. Alivaa shati lile la buluu ulilomtumia, hata lilipomwia kubwa. Mwanga ulimwangukia upande wa kushoto, wa sikio lile lenye alama. Kabla ya kubonyeza alinyoosha kola kwa vidole viwili, na picha ikishapigwa alisema, "Salamu, Mama," kisha akainuka. Asubuhi ya mwisho hakuweza kuinuka, lakini salamu aliitoa. Mimi si kamera, nitasahau mengine. Ndiyo maana nimeyaandika.

Nisalimie wenzako wa kazini, hasa yule mama uliyesema anakupikia siku za zamu ndefu. Jitunze mgongo, usibebe wagonjwa peke yako. Cherehani imenyamaza, wifi yako amechungulia mlangoni, nikamwambia nakuandikia wewe. Amefurahi. Anakusalimu sana, na amesema nisisahau kukwambia uvute subira kidogo tu, picha bado zinasafishwa.

Ni mimi, akupendaye,
Kaka yako